Siku Maumivu ya Kendi Yalipoisha

Kwa miaka kumi na minane, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi haikuwa kutibu mtu. Ilikuwa kuamua nani anadanganya. Nawaambia mapema, nyinyi mnaotoka chuoni na koti jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani, kwa sababu siku ya kuajiriwa hakuna atakayewaambia. Watawaonyesha chumba, kitanda, kabati la dawa na mashine ya kupima presha. Kisha supavaiza atachungulia mlangoni awaulize, kama nilivyoulizwa mimi, "Daktari, leo wagonjwa wa ukweli ni wangapi?"

Mimi si daktari. Ni muuguzi, naitwa Gichuki, mzaliwa wa Othaya, ila shambani kila anayekaa karibu na dawa huitwa daktari na ukikataa wanaona unaringa. Nilianzia kazi hospitalini kule nyumbani, halafu nikapanda hadi upande wa Timau, kwenye kliniki ya shamba la maua ya waridi. Jina la shamba niliache. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake Wameru. Na mimi walizungumza Kiswahili, kati yao Kimeru, ambacho nilikielewa nusu. Ile nusu nyingine nilikuwa na hakika inanihusu.

Nao walikuwa na hakika kwamba daftari langu linasomwa ofisini kila jioni. Hawakukosea. Lilisomwa.

Nilikuwa na hila zangu na nilijivunia. Mtu akija na mgongo, nilikuwa naandika maneno mawili matatu, kisha naangusha kalamu upande wake wa meza kana kwamba imeniponyoka. Nanyamaza. Akiinama kuiokota, natia alama ndogo pembeni mwa jina lake. Mutwiri, supavaiza wa pakihausi, lile banda la kuchambua na kufunga maua, alizipenda sana alama hizo. Alinisifu mbele ya wakubwa, akasema tangu nije wagonjwa wamepungua. Nami nilifurahi, nikidhani hiyo ndiyo sifa ya kliniki.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Sista Wamuyu, mkunga wa Othaya, mwanamke mfupi wa sauti ya chini ambaye hakumwamini mtu, kuanzia na mimi. Nikiwa mgeni wodini aliniona nikimwuliza mama mjamzito, "Unaumwa wapi?" Akanivuta kando.

"Ukimwuliza hivyo atakuambia mgongo. Kila mtu ana mgongo. Mwambie achore kwa kidole."

"Achore nini, Sista?"

"Njia. Neva haipiti popote inapotaka. Ina barabara yake, na huyu mama hajasoma kitabu chako. Kidole chake kikifuata barabara, mwamini."

Hilo nawapa nyinyi kama nilivyopewa. Aliyechoka misuli atakupapasia kiuno chote kwa kiganja. Mwenye neva iliyobanwa hutumia kidole kimoja: kutoka chini ya mgongo, katikati ya tako, nyuma ya paja, kando ya muundi, hadi kwenye unyayo. Atakuambia inachoma, au inapiga kama stima, au vidole vimekufa ganzi. Mimba hulegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate pa kupitia. Tumbo linavuta kiuno mbele, mgongo unapinda, na neva inayopita katikati ya hayo yote hujikuta haina nafasi. Mara nyingi ni hivyo tu, na mama akijifungua yanaisha. Lakini "mara nyingi" ni neno la kushukiwa, kama mtakavyoona.

Lishukuni na neno "mshipa". Mama akikuambia ana mshipa, anaweza kumaanisha neva, au mshipa wa damu, au msuli, au hata ngiri ya mume wake. Usiandike kitu kabla hajachora.

Kushuku kwangu kuliwahi kunipeleka pabaya hata pale kulipokuwa kwa nia njema. Mama mmoja wa pakihausi, mjamzito wa miezi sita, alikuja akisema paja lake upande wa nje linawaka kama limemwagiwa chai. Nikatazama ngozi, hakuna kitu. Nikamshuku yeye siku mbili. Siku ya tatu nikashuku dawa za kunyunyizia maua. Nikawa nawafuata wale wanyunyizaji huku nikijifanya napunga upepo, nasoma majina kwenye mitungi, nanakili nyuma ya bahasha. Chai ya kantini nikaacha kunywa, maana nilianza kuhisi paja langu nami linawaka. Mwishowe nikampigia Sista Wamuyu simu.

"Anafunga wapi?" akaniuliza.

"Anafunga nini?"

"Aproni, Gichuki."

Zile aproni za mpira ni nzito, na tumbo lilivyokuwa likikua, kamba ilikuwa imeshuka ikakaza pale mbele ya nyonga, ambapo neva ndogo ya paja hupita juu juu. Tukaihamisha kamba, aproni ikaning'inia mabegani. Baada ya wiki mbili paja lilipoa, nami nikarudia chai yangu.

Kisha kulikuwa na mikono. Wanawake wanaoshika mikasi kutwa, mimba ikiwajaza maji mwilini, hujikuta kifundo cha mkono kimebana neva. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, wanaamka alfajiri wakikung'uta mikono kama inayowaka moto. Kliniki haikuwa na vifaa vya kunyoosha mkono, kwa hiyo nilikata kadibodi ya maboksi ya maua, nikaizungushia bandeji, nikawaambia walale nayo ili kifundo kisipinde. Walinicheka, wakasema wanatumwa ng'ambo pamoja na maua. Lakini walilala. Kosa langu hapo lilikuwa moja tu: siku moja nilimkatia kadibodi mama aliyevimba mikono na uso, akiwa pia na kichwa kinachogonga, na nikampima presha mwisho badala ya mwanzo. Ilikuwa juu mno. Alifika hospitali salama, lakini tangu hapo sikugusa mkasi kabla ya kupima presha. Mikono kuvimba inaweza kuwa jambo la kawaida, na inaweza kuwa habari nyingine kabisa.

Sasa, kile kidole cha Sista Wamuyu kilinisaidia kwa muda, halafu nikaanza kukishuku nacho. Wajawazito walikuja wakifuatana, kila mmoja kidole chake kikipita barabara ile ile, tako, paja, muundi, unyayo. Nikajiambia wanafundishana. Niliwaona wakati wa chakula wamekaa kwenye nyasi, mmoja akimwonyesha mwenziwe mguu, wanacheka. Sikujiuliza swali rahisi: wanawake waliosimama saa nane juu ya saruji iliyolowa, wote wakiwa na mimba, wangeumwa wapi pengine?

Ndipo akaja Kendi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mchambuzi wa maua, mimba yake ya kwanza, miezi saba. Mtu wa maneno machache. Baadaye nilipofungua faili lake niliona hakuwa amekosa kazi hata siku moja kwa miaka miwili, lakini hiyo ni baadaye. Asubuhi ile aliingia akaketi ukingoni mwa kiti, tako moja tu.

"Niko na maumivu, daktari. Kwa mgongo, inashuka hii mguu."

"Chora kwa kidole."

Akachora. Kidole hakikuinuka hata mara moja. Kilipita tako, paja, kando ya muundi, kikavuka juu ya unyayo na kusimama kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Sijawahi kuona njia iliyonyooka vile, na hapo ndipo niliposhuku. Nikaona ni somo lililokaririwa vizuri.

"Nani amekufundisha?"

"Nifundishwe nini?"

Nikaandika maneno yangu mawili, kalamu ikaniponyoka. Kendi akaitazama pale chini, akanitazama mimi. Akashika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, akainama polepole, akaiokota, akanipa kwa mikono miwili. Uso wake sikuutazama, kwa sababu nilikuwa tayari natia alama. Chini yake nikaandika: anafaa kazi. Nikampa panadol, nikamwambia alale kwa ubavu na mto katikati ya magoti, ajikande kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, asisimame muda mrefu. Nilimwambia asisimame muda mrefu huku mkono wangu ukimpa karatasi ya kurudi kusimama. Akashukuru, akaenda.

Siku nne baadaye alirudi, tena bila kuitwa. Alikuja na rafiki yake Nkatha, aliyesimama naye meza moja pakihausi. Nkatha alikuwa msemaji sana, lakini siku hiyo alibaki mlangoni akitazama sakafu.

"Nimekuja kukuambia maumivu imeisha," Kendi akasema.

"Imeisha lini?"

"Jana. Mara moja tu ikaisha. Mguu iko sawa, haina uchungu kabisa."

Nakiri kwenu kwamba nilifurahi, na haikuwa furaha ya kumwona amepona. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimemshuku na sasa ameungama. Mtu aliyerudishwa kazini Jumatatu, Ijumaa hana tena uchungu. Nikafikiri pia labda amepita sokoni kwa yule bwana wa mkoba aliyekuwa akidunga watu sindano za mgongo, dawa isiyofaa kabisa kwa mimba iliyokomaa namna ile. Nikamwuliza, akasema hapana. Nikaandika: amepona. Nikamwambia aende salama.

Alitoka, nikageukia kabati. Nje kulikuwa na veranda ya saruji, na wote huvaa gambuti, yale mabuti marefu ya mpira. Gambuti mbili za mtu mwenye miguu mizima hutoa sauti moja, tap, tap. Za Kendi zilitoa tap, kisha shwaa. Tap, shwaa. Nikasimama na chupa ya dawa mkononi nikisikiliza, kisha nikatoka nje na kumwita.

"Kendi, hebu simama. Inua vidole vya mguu, usimame kwa kisigino."

Mguu wa kulia uliinua. Wa kushoto haukuinua kitu. Alitazama gambuti yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mbele ya gambuti ile mpira ulikuwa umechubuka, rangi imetoka, kwa kuburutwa.

Nyinyi mmesoma, kwa hiyo mnajua, lakini nataka msikie namna jambo hili linavyokuja. Neva ikibanwa inapiga kelele. Ikibanwa zaidi, inanyamaza. Mgonjwa anafurahi, muuguzi mjinga anafurahi, na wakati huo huo neva inakufa. Likitokea hilo chini kabisa ya uti wa mgongo, pale neva zinapoachana kama nyuzi za katani, haliishii mguuni. Linachukua kibofu na haja kubwa.

Kuna maswali ambayo lazima yaulizwe hapo, nami ni mwanamume mwenye mvi, mtu wa ofisi, mwenye daftari linalosomwa. Nilipoanza kusema neno la choo, Kendi aligeuza uso ukutani. Akamwambia Nkatha kitu kwa Kimeru. Nusu niliyoielewa ilikuwa "si huyu".

"Nkatha," nikasema, "ingia naye ndani, mimi nitabaki huku. Mwulize mambo mawili. Akijipangusa chooni, anasikia kitambaa au hasikii? Na mkojo, unamjia akijua au unatoka mwenyewe? Asinijibu mimi. Akujibu wewe."

Nkatha akauliza, "Na utaandika?"

"Nitaandika barua ya hospitali. Daftari sitaligusa."

Wakaingia. Nilisimama nje nikitazama mlima, ambao siku hiyo haukuwa na wingu hata moja. Nkatha alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Hasikii, daktari. Tangu jana mchana hasikii kitu hapo chini, ni kama si mwili wake. Na mkojo inatoka bila yeye kujua, ako na vitambaa ndani ya nguo. Alidhani ni mtoto anakalia kibofu. Mimi nilimwambia akuambie, akasema utaandika ati ni uongo."

Nikaenda kwa Mutwiri mbio, umri wangu ulivyoruhusu. Alikuwa kwenye mlango wa chumba cha baridi akihesabu mikokoteni.

"Nataka gari na dereva, sasa hivi. Tunaenda Nyeri."

"Nani?"

"Kendi."

Akacheka kidogo. "Jumatatu umemtilia alama, umeandika anafaa kazi, sasa anataka kubebwa na gari mpaka Nyeri. Daktari, si wewe ulisema huyu anaigiza?"

"Mimi nilisema. Nilikosea."

"Na kama anaigiza sasa?"

"Mtu anaweza kuigiza maumivu, Mutwiri. Hawezi kuigiza kutosikia, kwa sababu hakuna anayefurahia kujikojolea. Nipe gari, na kama ni uongo nitaandika barua ya kuacha kazi mwenyewe."

Alinitazama, kisha akamtazama Kendi pale veranda, ameshika bega la Nkatha. Akatoa funguo mfukoni. Sijui kama aliniamini. Nadhani alitaka tu kuwa na barua yangu.

Njiani nilimlaza kwa ubavu kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja la Nkatha. Dereva alitaka kuingia Nanyuki, nikamkataza. Hapo ndipo penye ujuzi: mgonjwa wa namna hii humpeleki mahali pa karibu, unampeleka mahali penye mtu wa kufungua mgongo, na unapiga simu kwanza kuuliza kama yupo. Nilipiga. Yupo. Kisha nikampigia Sista Wamuyu, aliyekuwa ameshastaafu.

"Wakikuambia ni mambo ya mimba, usiondoke," akasema. "Simama hapo mpaka wampime kwa kidole."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jina la hospitali silitaji. Daktari aliyetupokea alikuwa msichana wa umri wenu, amechoka, wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido. Alisoma barua yangu nusu. "Mzee, akina mama wote wa miezi saba huumwa mgongo."

"Haumwi," nikamwambia. "Hilo ndilo linalonitisha. Na maneno yako nilimwambia mimi siku nne zilizopita, karibu vile vile."

Hakupenda. Alinitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama wengine. Lakini alivaa glavu, akavuta pazia, na alipotoka hakuwa tena na uso ule. Alianza kupiga simu akiwa bado anatembea. Wakampiga picha kwa ile mashine ya sumaku, ambayo haina mionzi ya kumdhuru mtoto. Kipande cha mto mmoja kati ya pingili za mgongo kilikuwa kimechomoka na kukalia neva. Alasiri hiyo hiyo walimlaza kwa ubavu, tumbo lisibanwe, wakamfungua.

Kendi alikaa na mpira wa mkojo wiki sita. Mtoto hakusumbuka. Siku ya tano nilikwenda kumwona, peke yangu, na matunda ambayo hakuyagusa. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia kwamba ile kalamu haikuponyoka, kwamba niliiangusha, kwamba nilikuwa nikiwaangushia watu kalamu kwa miaka.

"Nilijua," akasema. "Watu wote pakihausi wanajua."

"Basi kwa nini uliinama?"

"Wewe ni mtu mzima. Ungeinama aje na mimi nimekaa tu hapo? Nikasema nikuokotee." Akaonyesha kiuno. "Hapo ndipo kitu iliruka kwa mgongo. Nilisikia kama kamba imekatika."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa umeshaandika."

Daktari wa upasuaji, nilipomwuliza, alisema mto ule ulikuwa umeanza kuchomoka kitambo, na ungeweza kumaliza safari yake kwa chafya. Ni maneno ya huruma, na mimi nayashuku mpaka leo. Nimeyapindua kila upande na sijui. Najua tu kwamba alikuja kwangu akiwa na mguu unaouma, akaondoka na mgongo uliokatika, na katikati hapo palikuwa na kalamu yangu.

Sikuacha kazi. Nililichukua lile daftari la alama nikalirudisha ofisini, nikawaambia wakitaka mpelelezi waajiri mpelelezi. Nilidhani watanifukuza. Walinipa daftari jipya bila kusema kitu, na kwa miezi mingi nilisubiri wanifanye jambo fulani, nikiitafsiri kila salamu ya meneja. Nkatha nilimwomba awe anakaa chumbani wanawake wakitaka kuzungumza mambo ya ndani, na wakubwa wakakubali kumpa saa mbili kila asubuhi. Wiki ile ya kwanza walikuja wajawazito watano ambao sikuwahi kuwaona kliniki. Walikuwa wakiumwa muda wote huo, na walikuwa wakinificha.

Kwa hiyo sisemi muache kushuku. Muuguzi asiyeshuku ni hatari kuliko sindano chafu. Mshuku yule anayeuza mafuta ya neva sokoni kwenye chupa isiyo na maandishi. Mshuku dawa ya maumivu ambayo mjamzito ameazimwa na jirani, maana nyingi za zile kali hazifai mimba ikikomaa, na panadol yenyewe apewe kwa kipimo. Mshuku miguu miwili inapouma pamoja, mguu unaolegea, ganzi pale anapokalia tandiko mtu aliyepanda farasi. Zaidi ya yote mshuku maumivu yanayoondoka bila kuaga. Ugonjwa ndio unaodanganya. Mama anakuambia kile ugonjwa unachomruhusu kukijua.

Kendi alijifungua msichana mzima. Mkojo ulirudi, hisia zikarudi kidogo kidogo, ila unyayo wa kushoto haujawahi kurudi wote. Alipomaliza likizo alipewa kazi ya kukaa, kubandika vibandiko kwenye maboksi. Tulisalimiana vizuri, lakini mlangoni kwangu hakuingia. Akitaka panadol alimtuma Nkatha.

Karibu na mwaka wangu wa mwisho aliingia mwenyewe. Alikuwa na mimba ya pili, miezi sita. Alifunga mlango, akaketi.

"Imerudi. Hii ya kulia sasa."

Nkatha alikuwepo. Nilimwambia Kendi alale, nikampima presha, akachora njia, na safari hii kidole kiliishia gotini. Vidole vya kulia viliinuka vyote, vya kushoto kadiri vilivyoweza. Nilimgusa kwa pamba miguuni, Nkatha akauliza yale maswali nyuma ya pazia, majibu yakawa mazuri. Nikamwambia ninachoamini: kwamba mimba imebana neva kidogo kama inavyowabana wengi, kwamba nitamwandikia wiki mbili za mapumziko na barua ya kuonwa Nyeri kwa sababu ya mgongo uliowahi kufunguliwa, kwamba alale kwa ubavu, atembee kidogo kidogo asikae kutwa nzima, na kwamba namwamini kabisa.

Hakushuka kitandani. Alinikazia macho, mikono juu ya tumbo.

"Leo umeniamini haraka sana," akasema. "Pima tena."

Nkatha akainamisha kichwa, nadhani alikuwa akizuia kicheko. Mimi sikucheka. Nikavuta kiti, nikavua saa, nikaanza upya kuanzia kidole gumba.